Kiti cha Mbele

"Mama atakaa mbele, pembeni ya Viateur," Fortunat alisema kwenye simu, na nyumba nzima ikanyamaza.

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai katikati ya meza, sauti juu, ili kila mtu asikie. Fortunat alikuwa Liège, amevaa koti ndani ya nyumba, na uso wake ulikuwa ukigandaganda kwa ubovu wa mtandao. Alikuwa akipanga safari ya mbuga. Tangu aende Ulaya hakuwahi kurudi Goma, na sasa anakuja na binti yake Philomène, ambaye ameomba jambo moja tu kwa likizo yake: aone tembo wa kwao. Wa Ulaya alikwisha kuwaona nyuma ya seng'enge, wakampa huzuni.

"Goti ya mama haikunjikake muzuri," Fortunat akaendelea. "Kule nyuma ile gari ya jipu inaruka sana. Mbele njo kuzuri. Viateur, unasikia?"

"Ninasikia, shemeji," Viateur akajibu.

Alisikia sana. Na nyuma ya pazia la kitenge lililokikata chumba vipande viwili, mama mkwe wake naye alikuwa amesikia, kwa maana alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. Umuhoza, mke wa Viateur, akaangalia pazia, akamwangalia mumewe, kisha akamuuliza kaka yake habari za baridi.

Hapo lazima mambo yaelezwe, la sivyo msomaji atadhani watu hawa wamegombana. Hawakugombana hata siku moja. Nyiramahirwe, mama mkwe huyo, alitoka kwenye kilima chao cha Nyabitare, mbele ya mji wa Kiwanja, wakati wenye silaha walipokihamisha kilima kizima, akaja kwa bintiye huku Goma, mtaa wa Mapendo, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Sasa, mama mkwe haishi chini ya bati la mkwewe. Huko kwao hata kukutana naye njiani kulitaka mmoja apishe kando. Lakini vita haviulizi mtu adabu zake. Basi wakatundika pazia, na heshima ikahamia ndani ya nyumba ya mbao yenye chumba kimoja na nusu.

Viateur alikohoa kabla ya kuingia, naye mama akapata nafasi ya kujivuta upande wake. Hakumwangalia usoni. Yeye mama hakulitaja jina la mkwewe, alimwita Papa Umuhire kwa jina la mjukuu, na hakula mpaka mwenye nyumba awe ametoka, ili asije akasikia hata kijiko chake. Neno la huku kwenda kule lilibebwa na Umuhoza. "Ambia mama yako, bati ya upande wake inavuya, nitaitengeneza." "Ambia Papa Umuhire asijichokeshe." Ilhali bati, mama na Papa Umuhire wote wako hapo hapo. Wageni walicheka. Wao waliona ndiyo njia pekee ya kuishi pamoja bila kuvunjiana heshima, na huenda walikuwa na haki.

*

Viateur alikuwa dereva wa ajansi ya Kamate, iliyopeleka watalii mbugani. Kamate alikuwa mtu mwembamba mwenye simu mbili, na aliongea na mtu mmoja huku akimjibu mwingine. Jipu lenye paa la kufunguka lilikuwa lake, na funguo alizigawa yeye.

"Ni familia yako, nitakupunguzia bei ya gari," alimwambia Viateur. "Lakini programu ni ile ile. Munatoka asubuhi, munafika Kiwanja, munangojea konvoa. Walinzi mbele, walinzi nyuma, mpaka Rwindi. Pale njo munaangalia tembo mpaka muchoke."

"Katikati ya Kiwanja na Rwindi, gari haiwezi simama kidogo?"

"Kufanya nini?"

Viateur akageuza kofia mikononi. "Kuna kilima pale. Baba ya Umuhoza, bibi yangu, analala pale."

Kamate akaweka simu zote mbili chini, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Hakuwa mtu mbaya. "Viateur, unajua ile njia kunishinda. Gari moja ikisimama, konvoa yote inasimama, na walinzi wanabaki kama kuku mu uwanja. Mwaka jana uliniletea mambo na wale Wazungu wa picha. Ukisimama tena, usiulize kitu, uniletee tu funguo."

Viateur alikijua kilima kile zaidi ya alivyosema. Kila alipopeleka watalii Rwindi alikipita. Kaburi la mzee Nsengimana lilikuwa hatua chache kutoka barabarani, chini ya mti wa avoka, nao mti ulionekana vizuri kutoka kwenye usukani. Alikuwa anavua kofia, anapunguza mwendo kiasi watalii wasitambue, halafu anapita. Nyumbani hakumwambia mtu. Angesemaje? Kwamba mimi nampita baba yenu mara kwa mara na sishuki? Zaidi ya hayo, si kazi ya mkwe kumtajia mama mkwe marehemu wake. Hata Umuhoza hakumwambia, maana alijua habari ingevuka pazia siku hiyo hiyo. Akaimeza, na kila safari akaimeza upya.

*

"Mama anasema hataenda," Umuhoza akamwambia mumewe. Walikuwa nje, Umuhoza akipepeta maharagwe juu ya jiwe jeusi la volkano lililokuwa uwanja wao.

"Juu ya kiti?"

"Anasema tembo anawajua. Walimulia maharagi tangu aolewe, walikanyaga mihogo yake, walimuvunjia mpaka jiko. Anasema hawezi kulipiwa feza ya watu aende kuwasalimia."

Viateur akacheka, kisha kicheko kikamwishia. Aliona ni kiti tu. Nani angekubali kukaa bega kwa bega na mkwewe kutwa nzima, gari likirushwa na mashimo, magoti yakigusana? Akaona aibu kana kwamba kiti kile alikitengeneza yeye. Na akafikiri: mama atabaki hapa nyuma ya pazia, sisi wote tukipita mbele ya kaburi la mumewe na biskuti mkononi. Jambo hilo lilimuuma kweli.

"Mwambie nitamupa Bashige, shofere mwenzangu, gari aiendeshe," akasema baadaye. "Mimi nibaki. Yeye aende na watoto wake."

"Na usipoendesha, unalipwa?"

"Mwambie tu."

Umuhoza akaingia, akatoka. "Anasema: ambia Papa Umuhire asiache kazi yake juu ya mama muzee mwenye hataki kuona tembo."

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Kila mmoja alimwondolea mwenzake mzigo, na hakuna aliyejua mwenzake amebeba nini.

*

Fortunat akafika na binti yake, yeye mnene kuliko kwenye simu, akalia mikononi mwa mama yake nyuma ya pazia, akagawa viatu na chokoleti. Siku iliyofuata akaenda na Viateur ajansini kukamilisha vibali. Kamate akafungua pasipoti yake nyekundu ya Ulaya, akaipindua, akasema kwa upole kwamba hiyo ni bei ya mgeni.

"Mugeni nani? Mimi ni mutoto wa Rutshuru. Tembo walikula chakula yetu kabla wewe hujazaliwa."

"Ninaamini, papa. Una kadi ya kura ya huku kwetu?"

Hakuwa nayo. Watu wengine wawili waliokuwa wakingoja ofisini wakaangalia ukutani, kwenye picha ya sokwe. Fortunat akalipa bei ya mgeni mara mbili, yake na ya binti yake, wakashika njia ya kurudi Mapendo. Viateur akaendesha taratibu. Alimwonea huruma, maana alijua inavyokuwa mtu kuambiwa bei ya kupita kwao.

Nyumbani Umuhoza alikuwa amepika fufu, samaki wa ziwa na sombe la majani ya muhogo. Fortunat akanawa, akakaa, akaona sahani moja ikienda nyuma ya pazia. Hasira ya ofisini ikapata pa kutokea.

"Tungali na hizi mambo? Sisi ni familia moja." Akasimama, akashika kitenge, akakivuta kando na kukifunga fundo kwenye msumari.

Nyiramahirwe, aliyekubali kwa ajili ya Fortunat kula mkwewe angali ndani, bila kijiko ili asisikike, alikuwa ameketi kwenye mkeka, tonge mkononi, mdomo umejaa. Alimwona Viateur uso kwa uso, na Viateur alimwona akitafuna. Mama mzee akajifunika kichwa kwa nguo aliyojitanda, tonge likamwanguka mapajani. Viateur akainuka, akachukua sahani yake, akatoka nje kwenda kula ndani ya jipu. Hakubamiza mlango. Umuhoza akalifungua fundo, akamwambia kaka yake kwa sauti ya chini, "Ulikaa sana kule." Fortunat akatazama samaki wake. Hakuna aliyeshiba siku hiyo.

*

Viateur akiwa bado anakula ndani ya jipu, Philomène ndiye aliyeingia nyuma ya pazia bila kukohoa, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Kiswahili alikipata kwa baba yake, kikiwa na matundu. Akakaa mkekani, akamwonyesha nyanya yake ramani kwenye simu, akivuta barabara kwa kidole: Munigi hapa, Rumangabo hapa, halafu Rutshuru, halafu Kiwanja.

"Kiwanja munafuata nini?" Nyiramahirwe akauliza. "Parki si Rumangabo?"

"Rumangabo ni ya sokwe, nyanya. Tembo ni Rwindi."

Jipu lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba, kioo wazi, na kuta za mbao hazifichi kitu. Viateur akaacha kutafuna.

"Mutoto wangu," sauti ya mama mzee ikaja, nyembamba, "ile gari inapita Nyabitare?"

"Sijui, nyanya. Kwenye simu haiko."

Viateur akashuka. Akaenda mlangoni, akakohoa, akaingia, akasimama mbele ya pazia akiyaangalia maua yake ya bluu kama mtu aliyeitwa kwa mkuu wa shule.

"Philomène," akasema, "ambia nyanya yako, gari inapita Nyabitare."

"Nyanya, gari inapita Nyabitare," msichana akarudia kwa uaminifu, ingawa nyanya alikuwa amekwisha kusikia.

"Muulize, muti ya avoka iko bado?"

"Tonton," akamwambia mume wa shangazi yake, "muti ya avoka iko bado?"

"Iko. Mwambie ninaionaka kila safari."

"Kila safari?" Nyiramahirwe akasema, na hilo hakumwambia Philomène. Akajirudi upesi. "Muulize. Kila safari?"

Viateur akahisi masikio yakimchoma. "Mwambie anisamehe. Konvoa haisimamake pale. Niliogopa kumwambia kitu chenye mukono yake haiwezi kufikia."

Philomène akaanza kurudia, akaishia katikati, kwa sababu aliona nyanya yake anajifuta macho kwa ncha ya nguo.

"Mwambie," Nyiramahirwe akasema, "na mimi niliogopa kumuomba. Nilijua njia yake iko upande ya kule, nilizania inaishia Rumangabo. Lakini mama haombake mukwe wake kitu kama kile. Nikasema, wacha niseme tu sipendi tembo." Akavuta pumzi. "Nao siwapendi, ile ni kweli."

Umuhoza, aliyekuwa amesimama jikoni na sufuria ya chai, akakaa chini pale pale. Alikuwa ameyabeba maneno ya watu hawa siku zote hizo, akavusha bati na chumvi na homa ya mtoto, na hili moja hakuna aliyempa avushe.

"Mwambie nitaenda," sauti ya nyuma ya pazia ikamaliza. "Nitakaa mbele. Lakini wewe Philomène utakaa katikati yetu."

*

Basi wakaondoka hivyo. Viateur kwenye usukani, Philomène katikati, Nyiramahirwe mlangoni na mzigo mapajani umefungwa kwenye kitenge. Viateur alidhani ni chakula. Nyuma walikaa Fortunat na Umuhoza, na mtoto Umuhire amelala. Wakapita Munigi, wakapanda, ukungu ukafunguka, na Nyiramahirwe akawa anamtajia Philomène majina ya vilima kwa sauti ya chini, akiuelekeza uso wote dirishani.

Kiwanja wakapangwa mstari. Mkuu wa walinzi akapita gari kwa gari akisema lile lile: hakuna kusimama, hakuna kushuka. Alipofika kwao akamwangalia Viateur zaidi ya wengine. "Unasikia, shofere?" Viateur akasema amesikia.

Na hakuwa amemwahidi mtu chochote. Alisema gari inapita. Mama aliomba ipite. Walikuwa wameelewana hivyo, na Viateur alikuwa na mke, mtoto, na jipu lisilo lake.

Hawajaenda mbali, nyani wakatokea kando ya barabara. Philomène akapiga yowe la furaha, akaruka kiti kwenda nyuma apige picha kwenye paa lililofunguliwa. Nafasi ya katikati ikabaki tupu. Viateur akaona aibu ya kumrudisha, Nyiramahirwe vivyo hivyo. Wote wawili wakakaza macho barabarani.

Avoka ikatokea. Viateur akavua kofia kama ilivyo desturi yake na kupunguza mwendo. Kwa pembe ya jicho akaona vidole vya mama mkwe wake vikishika mzigo mpaka mishipa ikasimama. Akangoja aseme kitu. Hakusema. Angepita hapo akarudi Goma na asingesema kitu mpaka afe, kwa kumheshimu yeye. Viateur hakuweza kuvumilia hilo. Akakanyaga breki.

Nyuma yake honi zikaanza. Akauangalia usukani.

"Mama," akasema. "Ni hapa."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake lisilopitia mdomo wa mtu. Akazunguka, akamfungulia mlango. Goti lilikataa, ngazi ya jipu ilikuwa juu, na Fortunat bado alikuwa akihangaika kutoka nyuma. Viateur akanyoosha mkono. Mama mzee akauangalia mkono ule, kisha akaushika, akashuka.

Nyasi zilikuwa kiunoni, lakini mawe waliyoyapanga kuzunguka kaburi yalikuwapo. Na katikati ya mawe, pale kichwa cha mzee kilipo, palikuwa na lundo kubwa la mavi ya tembo, makavu, yameota majani. Nyayo zilizokauka, pana kuliko beseni, zilikuja mpaka kaburini, zikasimama, zikaondoka.

"Mungu wangu," Fortunat akasema, akainama kuyaondoa kwa mikono yake mitupu.

"Wacha," mama yake akamwambia.

Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na Umuhoza akamkimbilia akidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika goti, na mwanawe ambaye hakuwahi kumsikia akicheka tangu arudi akabaki mdomo wazi.

"Walikuja kuona kama ni kweli amekufa," Nyiramahirwe akasema.

Akaufungua mzigo. Ndani mlikuwa na sufuria kuukuu, kitako kimebonyezwabonyezwa hata isingesimama jikoni. Umuhoza aliitambua mara moja. Ndiyo aliyokuwa akiigonga baba yake ukingoni mwa shamba, maharagwe yakikomaa, akiwatukana tembo mmoja mmoja. Mama alikimbia nayo, akaificha chini ya mkeka, na watu wakadhani ni uzee. Sasa akaifudikiza kaburini, akaokota jiwe, akaigonga. Sauti ikashuka bondeni, ikarudi. Akaigonga tena, kwa hasira kidogo, kama mtu anayemkumbusha mwingine kazi yake.

Mkuu wa walinzi alifika mbio, bunduki kifuani. Alipoona kaburi na mama mzee mwenye jiwe mkononi, akasimama, akashusha sauti.

"Nani shofere wa gari hii?"

"Ni mimi," Viateur akasema.

"Ni mutoto wangu," Nyiramahirwe akasema kabla hajaulizwa.

Mlinzi akawaangalia wote wawili. "Mama, pole. Lakini mutoto wako atajieleza Goma."

Walifika Rwindi, wakawaona tembo kwa mbali, migongo tu juu ya nyasi. Philomène alitetemeka kwa furaha. Nyiramahirwe hakushuka garini. Aliwatazama muda mrefu kupitia kioo.

"Wamenenepa," akasema.

*

Waliporudi Goma, Kamate hakupiga kelele. Alinyoosha tu kiganja, na Viateur akaweka funguo juu yake. Fortunat alitaka kuongea, akatoa na pesa, Kamate akamsihi arudishe mfukoni, asimwaibishe. "Nitakuita," akamwambia Viateur, kwa namna ambayo mtu husema akiwa hana hakika.

Viateur akarudi Mapendo kwa miguu. Fortunat na binti yake walikuwa wamekwenda kulala hotelini, Umuhoza alikuwa sokoni na mtoto. Akafika mlangoni, akakohoa, akasikia mkeka ukijivuta. Pazia lilikuwa mahali pake, limenyooka, limefuliwa. Akakaa mezani, akaweka kofia mbele yake.

"Papa Umuhire," sauti ikasema. Hapakuwa na mtu mwingine ndani ya kupelekewa neno.

"Ndiyo, mama."

"Wameichukua gari?"

"Wameichukua."

"Mpaka wakati gani?"

"Hawakusema."

Hakumwambia pole, wala asante. Kukawa na mlio wa vyombo. Kisha ukingo wa kitenge ukainuka kiganja kimoja, na mkono uliokunjamana ukaisukuma sahani ya maharagwe na ndizi ikapita chini ya pazia mpaka upande wake.

"Kula," akasema.

Viateur akaiokota sahani, akaiweka mezani. Alikuwa na njaa kuliko alivyojua. Akachota, akatia mdomoni, na mkono ukamsimama hewani kidogo, kwa maana ng'ambo ya pazia alisikia kijiko cha mama mkwe wake kikigusa sahani, naye anakula.